Mtulinga umeunga, mwenyewe je?

Pale Kitai, barabara ya Lituhi inapochepuka kutoka ile ya Songea–Mbinga, bodaboda hupishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Dereva akirushwa akatua kwa bega, mfupa ulio tayari kukatika ni mtulinga. Ni mwembamba, na ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono na kifua. Mara nane katika kumi hukatikia katikati: msuli wa shingo huvuta kipande cha ndani juu, uzito wa mkono hushusha cha nje.

Kwa miaka mingi madaktari hawakuuhangaikia. Mwaka 1960 Mmarekani Charles Neer aliripoti kwamba kati ya wagonjwa 2,235 waliotibiwa bila kupasuliwa, ni 3 tu ambao mfupa haukuunga. Lakini humo walikuwamo watoto, ambao mifupa yao huunga upesi. Tena iliyoulizwa ilikuwa picha ya eksirei, si mwenye bega. Mwaka 1997 Wamarekani wengine waliwafuatilia watu wazima 52 ambao vipande vya mitulinga yao vilikuwa vimepishana. Mfupa haukuunga kwa 8, na 16 hawakuridhika na matokeo.

Basi wote wapasuliwe? Hapana. Uchambuzi wa tafiti wa shirika la Cochrane wa 2019 uliona kwamba baada ya mwaka mmoja mkono wa aliyepasuliwa haufanyi kazi vizuri zaidi kwa kiasi cha maana. Upasuaji hupunguza mifupa isiyounga, ila una hatari zake, kama vidonda kuingia vijidudu. Ngozi ikichanika au kutaka kutobolewa na mfupa, vidole vikifa ganzi, au pumzi ikikata, hapo ni kukimbilia hospitali, Peramiho au Litembo.

Kwa wengi waliobaki, khanga iliyofungwa shingoni inatosha. Utafiti wa Denmark wa 1987 ulilinganisha kitambaa cha namna hiyo na bendeji ya umbo la nane inayobana makwapa: mfupa uliunga vilevile, ila bendeji iliwatesa zaidi wagonjwa. Vidole na kiwiko vichezeshwe tangu mwanzo. Gunia la kahawa lisubiri miezi mitatu hivi.

Kisha kuna nundu pale mfupa ulipounga. Mara nyingi haiondoki. Mkulima aliyeambiwa siku ya kwanza huizoea. Anayeigundua mwenyewe akioga hudhani alitibiwa ovyo.