Sukari mwilini yaamua uhai wa nyigu ghalani

Kwa muuza mboga, ghala la baridi ni kinga ya mtaji. Kwa makampuni ya Ulaya yanayouza nyigu wa kuangamiza wadudu waharibifu, baridi hiyohiyo huhifadhi mali na pia huiua.

Bidhaa mojawapo ni Aphidius colemani, nyigu wa milimita mbili hivi. Jike hutaga yai ndani ya kidukari. Buu humla kidukari huyo hadi libaki ganda tu. Maganda hayo, yakiwa na nyigu mchanga ndani, hufungashwa na kuuzwa kwa wakulima wa pilipili hoho na matango katika nyumba za vioo.

Soko hupanda kwa majira, hivyo mzalishaji hulazimika kuweka akiba. Hapo ndipo sukari inapoingia. Akiba ya wanga mwilini mwa mdudu hugeuzwa kuwa trehalosi, ambayo ndiyo sukari kuu ya damu yake, na pia kuwa gliseroli. Vitu hivyo hushusha kiwango cha kuganda kwa maji ya mwili na hulinda kuta za chembe hai zisipasuke.

Mfano mkubwa ulitoka Kanada mwaka 1959. Mabuu ya nyigu Bracon cephi, adui wa mdudu anayetoboa mabua ya ngano, yalikutwa na gliseroli nyingi kiasi cha kustahimili nyuzi 47 chini ya sifuri bila kuganda.

Nyigu wa nyumba za vioo hawana akiba ya namna hiyo. Wakikaa siku nyingi kwenye nyuzi 4, hupungukiwa nguvu, na wanaotoka hai huenda wakaruka vibaya au kutaga mayai machache. Mnunuzi hulipia idadi kamili, lakini kazi shambani huwa pungufu.

Utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha nafuu. Aphidius waliotolewa kwenye nyuzi 4 na kupewa nyuzi 20 kwa saa mbili kila siku walisalimika wengi zaidi kuliko waliobaki kwenye baridi mfululizo. Joto hilo fupi huupa mwili nafasi ya kujirekebisha.

Kwa mwenye kutaka kuingia katika biashara hii, kununua jokofu hakutoshi. Mali ikaguliwe kwa siku ilizokaa kwenye baridi na kwa uwezo wa kuruka, na nyigu wakitoka wapewe maji ya sukari au asali mapema. Kuhesabu vichwa tu ni kukaribisha hasara.