Yohana Ni Mwanamume

Ofisi nyingi hapa Ujerumani zikiona jina Yohana kwenye fomu huandika barua kwa "Frau", na mwenye jina akilalamika huambiwa kwamba mwisho wake ni wa kike. Mtu wa Mvumi au Kongwa kule Dodoma, ambako Yohana na Andrea ni wanaume na habari imekwisha, analazimika kumtetea babu yake mbele ya karani. Basi tumtetee vizuri.

Jina lilianza kwa Kiebrania, Yohanan, yaani Mungu amefadhili. Wagiriki walilivika sarufi yao likawa Ioannes, na kwa njia ya Kilatini wakapatikana Johannes na Hans, John, Juan na Giovanni. Wakristo Waarabu wanasema Yuhanna, mwanamume kamili, na Yohana wetu anafanana naye kuliko John. Wamisionari Waingereza walifika Mpwapwa miaka ya 1870 na John vinywani mwao, hata mzee Malecela, waziri mkuu wa Tanzania wa 1990 hadi 1994, ni John; Biblia ya Kiswahili ikabaki na Yohana. Waislamu wa Kondoa wana Yahya, ndiye Yohana Mbatizaji, mwana wa Zakaria yuleyule. Kurani inasema hakuna aliyepewa jina hilo kabla yake, na Luka anasimulia jamaa za Elisabeti wakilikataa kwa kuwa halimo katika ukoo. Kubishaniwa halikuanza leo.

Karani atasema Johanna yumo katika Biblia, mke wa Kuza, Luka 8:3. Yumo, lakini Kiswahili kinamwita Yoana, asichanganywe na Mbatizaji. Na kama "a" ya mwisho ni ya kike, mbona Wajerumani haohao wanawaita wavulana wao Luka na Joshua?

Huku jina la mtoto hupita kwa msajili, na kwa miaka mingi lilitakiwa lionyeshe jinsia. Andrea wa Kiitaliano, mwanamume kwao, alidaiwa jina la pili la kiume. Desemba 2008 Mahakama ya Katiba iliruhusu msichana aitwe Kiran, jina la Kihindi la jinsia zote, ikasema sheria haina sharti hilo. Makarani wa barua hawajapata habari. Kwetu mzazi anataja, afisa anaandika.

Kwa kuchoshwa na makarani wa huku, wazazi wengine huwapa watoto Jonas na Elias, majina yasiyosumbua shuleni. Watoto wenyewe wameyapenda, hasa Elias, kwa kuwa darasani wapo wenzao. Bibi aliyeko Dodoma akipiga simu anawaita Yona na Eliya, nao wanaitika.