Ndoano ndogo iliyovua virusi vya Kamituga

Wandugu wachimbaji, na mama zetu munaouza chakula kwenye machimbo: mwezi wa 9 mwaka 2023 mpox ilianza kuonekana Kamituga, kwenye dhahabu. Mwaka 2024 ilishuka mpaka kwetu Uvira, ikavuka Burundi. Wengi wanauliza maji ya kipele yanapelekwa Kinshasa kufanya nini. Wengine wanaficha vipele juu ya kuogopa kufukuzwa kazi.

Ndani ya ile sampuli, sehemu kubwa ni ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Virusi ni kidogo, kama kutafuta mukeke mmoja katika wavu uliojaa ndagala. Njo maana laboratwari inatumia ndoano.

Kuna bakteria ya udongo inayoitwa Streptomyces avidinii. Inatengeneza proteini, streptavidini, inayoshika vitamini B7, ile wanaita biotini. Ikisha kushika, haiachii, hata ukiosha mara ngapi. (Ute wa yai bichi una ndugu yake, avidini. Mwenye kula mayai mabichi mingi kila siku anaweza kukosa vitamini hiyo. Mayai tupike.)

Watu wa laboratwari wanachukua nyuzi fupi zinazolingana na maandishi ya virusi, kila uzi umefungiwa biotini. Nyuzi zinajishika kwa virusi. Kisha wanatia punje ndogo sana za chuma zilizopakwa streptavidini, wanaweka sumaku kando ya kichupa. Punje zinavutwa na uzi, uzi unakuja na virusi. Mengine yote wanamwaga.

Baada ya hapo wanasoma. Kwa kusoma vile, INRB na wenzao waliona ni tawi jipya, Ib, na mabadiliko yake yanaonyesha linapita mutu kwa mutu. Si nyama ya pori tu, basi: ni ngozi kwa ngozi, ni kitanda kimoja cha kambi kinacholaliwa kwa zamu. Tena tawi hilo lilikosa kipande cha maandishi ambacho kipimo kimoja cha kundi I kilikuwa kinakitafuta. Kipimo kile peke yake kingelipita bila kuliona.

Sisi wa sendika tunadai mambo mawili: mwenye vipele aende kituo cha afya bila kupoteza nafasi yake kwenye shimo, na jibu la sampuli limurudilie yeye mwenyewe, kwa Kiswahili.