Msumeno wa meza wa mtumba: bei ya muuzaji ni mwanzo tu wa hesabu

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MKAZI wa Buzuruga anayetaka kugeuza banda la nyuma ya nyumba kuwa karakana ya useremala hakosi sababu za kibiashara. Barabara ya Musoma inapita hapo hapo, na mizigo ya Mara na Sirari inaingia mjini kwa njia hiyo. Kwa upande wa magharibi, mbao za shamba la miti la Buhindi, za Geita na za Kagera, ambazo kwa miaka mingi zilisubiri foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, tangu Juni 2025 zinavuka juu ya daraja la kilometa 3 hivi. Wateja wa vitanda, madawati, majeneza na mbao za mitumbwi wapo mwaka mzima.

Kinachokwamisha wengi ni mashine ya kupasulia. Fundi asiye nayo hupeleka mbao zake kwa mwenye nayo, analipia kila pisi, na siku ya foleni analala bila kazi. Ndiyo maana mtu mwenye akiba kidogo, au mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake, huanza kuulizia msumeno wa meza wa mtumba. Safu hii leo inaeleza namna ya kuupima kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa hasara za biashara hii nyingi huingia siku ya kununua.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni mashine ya kuchomelea ya hapa hapa nchini: fremu ya chuma pembe, bamba la chuma juu, mota chini, mkanda mmoja. Ni rahisi kununua na kila fundi anajua kuitengeneza. Ya pili ni mashine mpya nyepesi ya meza ya bati au alumini, ambayo inafaa kazi ndogo lakini mota yake hupiga kelele na kuchoka haraka ikipewa mninga mkavu wa inchi 2. Ya tatu ndiyo habari yetu: msumeno wa kabati, yaani wenye meza nzito ya chuma cha kuyeyushwa, na chini yake sanduku la chuma lililofungwa pande zote, ambamo mota na shafti vimening'inizwa pamoja. Mara nyingi mota huzungusha shafti kwa mikanda mitatu midogo. Uzito wake hufikia kilo 200 na zaidi, na uzito huo ndio unaouza mashine, kwa sababu haitikisiki.

Mashine za aina hii zilizopo Afrika Mashariki zilitoka katika karakana za misheni, vyuo vya ufundi, viwanda vya mashirika ya umma na kampuni za ujenzi. Mashirika yalipoanza kuuzwa chini ya Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma (PSRC), iliyoundwa mwaka 1992, mali nyingi za karakana zilikwenda mnadani. Majina ya kuyafahamu ni Wadkin na Startrite za Uingereza, SCM ya Italia, na kwa za Marekani Delta, ambayo Unisaw yake ilianza kuuzwa mwaka 1939, pamoja na Powermatic. Siku hizi mashine za Japani nazo huja ndani ya makontena ya mitumba.

Mnunuzi anaweza kuuliza: kama mashine ya kuchomelea inapasua, kwa nini nilipe zaidi? Jibu liko kwenye vumbi. Chukua ubao wa inchi 8, ambao baada ya kunyooshwa ukingo unabaki na milimita 200. Unataka fito za milimita 25. Msumeno ulionyooka wenye bledi inayokula milimita 3 utakupa fito 7, kwa kuwa fito zinachukua milimita 175 na mikato 6 inachukua 18, jumla 193. Mashine ambayo shafti yake inayumba, bledi ikala milimita 5, inahitaji milimita 205 kwa fito hizo hizo. Utapata 6. Fito moja katika kila saba imekwenda chini kama unga wa mbao, na hiyo uliilipia kwa bei ya mbao. Fundi anayepasua ubao mmoja kwa wiki hataiona hasara hiyo. Anayepasua 20 kwa siku ataiona kabla ya mwezi kwisha.

Soma kibati kabla ya kusoma bei

Jambo la kwanza kuangalia ni kile kibati kidogo cha mota. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa mashine za mtumba wanapoumia, na ni kosa ambalo rangi mpya haiwezi kulificha.

Umeme wa TANESCO ni volti 230 kwa njia moja na volti 400 kwa njia tatu, mzunguko wa hezi 50. Mashine ya Uingereza iliyoandikwa 240 au 415 na hezi 50 itakaa bila matatizo. Mashine ya Marekani imeandikwa hezi 60, na mota yake ikiwekwa kwenye hezi 50 inazunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za mwendo wake. Mota ya mizunguko 3,450 kwa dakika inashuka hadi 2,875 hivi. Kushuka mwendo si tatizo kubwa. Tatizo ni joto. Mota ya volti 230 hezi 60 ilitakiwa ipewe volti 190 hivi kwenye hezi 50. Ikipewa 230 zote, inavuta umeme kupita kiasi na inachemka hata ikiwa haina mzigo. Muuzaji atakuwashia kwa dakika 2 na utaridhika. Mwezi wa pili utanusa vanishi ya koili ikiungua.

Za Japani zina utata wake. Nchi hiyo ina mizunguko miwili, hezi 50 upande wa Tokyo na hezi 60 upande wa Osaka, na umeme wake wa njia tatu wa viwandani ni volti 200. Vibati vingi vimeandikwa vyote viwili, kwa hiyo mzunguko si kikwazo, ila volti 200 haziwezi kuunganishwa moja kwa moja na 400 za hapa. Inahitajika transfoma, au mota nyingine. Hapo uliza kwanza kama mota ya kawaida ya dukani itakaa, kwa sababu katika misumeno ya kabati mota hushikwa na kitako cha pekee. Kuchongewa kitako kipya inawezekana, lakini ni gharama ya kuingizwa kwenye mapatano ya bei, isije ikagunduliwa mashine ikiwa tayari nyumbani.

Swali la njia moja au njia tatu linategemea nguzo iliyo karibu nawe. Mota ya nguvu farasi 3, ambayo ni kilowati 2.2, kwa njia tatu inavuta ampea 5 hivi kila waya. Kwa njia moja inavuta karibu 13, na wakati wa kuwaka hupanda mara 5 au 6 kwa nukta chache. Nyumba yenye waya wa taa hadi bandani haitaivumilia. Nenda ofisi ya TANESCO ukaulize gharama ya kuvutiwa njia tatu kabla ya kulipa arubuni ya mashine. Utaratibu huo huonekana wa kinyume kwa wengi, lakini mashine inaweza kusubiri wiki moja. Fedha ikishatoka hairudi.

Mkono, rula na masikio

Ukaguzi wenyewe hauhitaji vifaa vya bei. Nenda mchana, na ukute mashine ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika anaweza kuwa amejificha nyuma ya ugumu wa kuwaka.

Legeza mikanda, uzungushe shafti kwa mkono. Ikikwaruza kama mchanga, beringi zimekwisha. Hilo peke yake lisikukimbize: beringi zina namba za kimataifa, na mji kama Mwanza hauna uhaba wa maduka yake. Tumia ugonjwa huo kupunguza bei. Shafti iliyopinda ni jambo jingine. Weka alama ya chaki kwenye jino moja la bledi, pima umbali kutoka jino hilo hadi kwenye mfereji wa meza likiwa mbele, kisha uzungushe jino lile lile hadi nyuma na upime tena. Ukiona tofauti, meza haijalingana na bledi, na mara nyingi bolti zinalegezwa ikarekebishwa. Halafu acha rula mahali pamoja, zungusha bledi mpya taratibu mbele yake. Ikicheza kushoto na kulia, shafti au kikombe chake kimeharibika.

Laza rula ndefu ya chuma juu ya meza, kona hadi kona. Kutu ya juu huondolewa kwa msasa na mafuta. Ufa hauondolewi. Chuma cha kuyeyushwa kikishapasuka, kuchomelea kwake kunahitaji ujuzi wa pekee na mara nyingi meza hupinda. Chungulia pia ndani ya kabati kwa tochi, kwenye vile vipande vyenye umbo la nusu duara vinavyobeba mota. Mashine iliyowahi kuangushwa kutoka kwenye lori huvunjika hapo, na rangi nene sehemu moja tu ni dalili ya kutosha kumwaga fedha pochini na kwenda zako.

Zungusha gurudumu la kupandisha na la kulaza bledi hadi mwisho wote. Pima tundu la bledi: mashine nyingi za Marekani zina shafti ya inchi 5/8, za Ulaya milimita 30. Bledi ya tundu kubwa hukubali ringi ya kupunguza. Ya tundu dogo haitaingia, na kuitoboa kwa fundi wa mtaani ni hatari.

Mwisho katika ukaguzi, tafuta kile kipande cha chuma mfano wa pezi la samaki kinachokaa nyuma ya bledi, pamoja na kifuniko cha juu. Pezi huzuia mbao isibane bledi na kurushwa tumboni kwa fundi. Uingereza, kanuni za mashine za mbao za mwaka 1974 zilidai vyote viwili, lakini mashine nyingi za mitumba zimeshavipoteza. Vinaweza kuchongwa upya. Mwenye kuajiri hata kijana mmoja akumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu, na kwamba vidole vya kijana huyo havina duka la vipuri.

Hesabu ya mwekezaji

Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia, si bei za soko. Tuseme mashine inauzwa shilingi 4,000,000. Usafiri na wabebaji 200,000. Stata, waya mnene na fundi umeme 500,000. Beringi, mikanda (hubadilishwa yote mitatu kwa pamoja) na bledi mbili 400,000. Jumla ni 5,100,000. Aliyekwenda na 4,000,000 mfukoni amenunua chuma cha kukaa bandani.

Tuseme tena kwamba baada ya kutoa umeme, kunoa bledi na posho ya msaidizi, mashine inabakiza 15,000 kwa siku. Umeme si mkubwa kama watu wanavyohofu. Saa 3 kamili za kupasua kwa nguvu farasi 3 ni uniti 8 hivi. Ikifanya kazi siku 22 kwa mwezi inaleta 330,000, na mtaji unarudi baada ya miezi 15 na nusu. Ikifanya siku 11, ni miezi 31. Kwa hiyo jambo linaloamua ni siku za kazi, zaidi ya punguzo la laki mbili unalolilia kwa muuzaji. Asiye na uhakika wa siku hizo aendelee kulipia pisi kwa jirani, na akiba yake ikae UTT AMIS ikikua bila kelele. Zaidi ya hayo, fremu za madirisha za mbao zinazidi kupoteza soko kwa alumini. Anayenunua mashine akitegemea madirisha peke yake amechelewa.

Kwa upande wa kuuza tena, msumeno wa kabati una sifa nzuri: ukitunzwa, bei yake haishuki haraka kama ya mashine ya bati.

Usafiri: kirikuu kinatosha, lakini mashine isinyanyuliwe kwa kushika meza wala magurudumu, funga kamba chini ya kabati. Pima mlango, na kwa nyumba zilizo juu ya mawe, pima pia njia.

Kuhusu karatasi, anayenunua dukani adai risiti ya EFD, na aulize kama VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei. Mashine inayotoka Nairobi kupitia Sirari iwe na hati za forodha. Msumeno uliotengenezwa Uingereza haugeuki kuwa bidhaa ya Kenya kwa sababu ulikaa huko miaka 20. Mnadani, sharti la kawaida ni kwamba mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo, na mara nyingi asilimia 25 hulipwa papo hapo. Basi ukaguzi wote ulioelezwa hapa ufanyike siku ya kuangalia, kabla ya nyundo. Kwa mtu binafsi, andikeni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yenye namba ya mashine kutoka kwenye kibati chake pamoja na namba ya mota. Kibati kikiwa kimebanduliwa, muuzaji aeleze mashine ilitoka wapi na aonyeshe karatasi, maana kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai hata kama ulilipa bei kamili.