Mama hakudanganya: neva za ngozi ya matako

Leo niko na deni ya kulipa.

Nikiwa kwenye staji ya udaktari, mama mmoja muuza makala alifika na maumivu ya mgongo. Nikapima nguvu ya miguu: sawa. Nikagonga magoti na nyundo: sawa. Nikamwambia hakuna ugonjwa. Akajibu, "Mtoto yangu, ni hapa tu, haishuke mu muguu. Sidanganye." Alionyesha kwa kidole kimoja, juu ya tako la kuume. Nikaandika dawa ya maumivu, akaenda.

Kosa langu lilikuwa wapi? Ngozi ya matako inapata neva, yaani mishipa ya fahamu, za aina tatu. Za juu zinatoka mu uti wa mgongo, kwenye kiuno, pingili ya 1 mpaka ya 3. Za katikati zinatoka kwenye sakramu. Za chini ni matawi ya neva ya ngozi ya nyuma ya paja. Zote zinaitwa neva za kluneali, na kazi yao ni kuhisi tu. Hazichezeshi musuli hata mmoja. Njo maana vipimo vyangu vya nguvu havikuona kitu.

Zile za juu zinavuka ukingo wa mfupa wa nyonga, karibu sentimita 7 ao 8 kutoka katikati ya mgongo. Hapo tawi moja linaweza kupita mu njia nyembamba, kati ya mfupa na utando mgumu. Likibanwa, kuinama ao kubeba mzigo kunauma, na watu wanafikiri ni figo ao siatiki.

Mama alirudi kisha wiki mbili. Mwalimu wangu akabonyeza pale pale, mama akaruka. Akamchoma ganzi kidogo, lidokaini. Kisha dakika chache mama akainama, akaokota kitambaa chake, akaniangalia bila kusema kitu. Nikamuomba msamaha.

Ganzi ile inaisha, lakini ilituonyesha neva gani inauma. Basi ndugu zangu, mtu akilalamika mgongo, mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja, na umuamini. Lakini mguu ukikosa nguvu, mkojo ukimponyoka, ao akifa ganzi kati ya mapaja, hiyo ni shida ingine: mpelekeni hospitali siku ile ile.