Mikono Minne Kando ya Kiti cha Meno: Kazi ya Msaidizi wa Daktari na Njia ya Kuiingia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulikitazama kinywa chenyewe: meno 20 ya utotoni, 32 ya utu uzima, na jinsi sukari na ukoga vinavyoshirikiana kulitoboa jino. Tulikumbushana pia utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015, ambao ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne nchini Kenya, na mtu mzima mmoja kati ya watatu, alikuwa na meno yaliyooza. Leo tunajibu swali ambalo vijana wa Malindi na Kilifi wamekuwa wakiniuliza: "Nimemaliza kidato cha nne na alama za udaktari sikuzifikia. Je, kwenye kliniki ya meno nina nafasi?"

Nafasi ipo, na ni ya heshima. Lakini kwanza tuielewe kazi yenyewe, kwa maana wengi wanaodhani wanaijua wameiona kutoka kwenye benchi la kusubiria tu.

Chukua mfano wa mama aliyetoka Marafa alfajiri, akavuka daraja la Sabaki kwa matatu hadi Malindi, mkononi ana mtoto wa miaka minane ambaye hajalala siku tatu kwa maumivu ya gego. Mtu wa kwanza kuwapokea ni msaidizi wa daktari wa meno. Yeye ndiye anayemuuliza mama, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, mtoto ana ugonjwa gani mwingine, anatumia dawa gani, na amekula saa ngapi. Yeye ndiye anayemkalisha mtoto kitini, anamfunga kitambaa kifuani, na kumweleza taa ile ya nini na mlio ule ni wa nini. Mtoto aliyetulizwa vizuri kabla ya sindano ya ganzi hutibiwa kwa urahisi. Aliyetishwa atakikimbia kiti hicho hata akiwa mtu mzima.

Daktari anaingia na kuanza kukagua. Anatamka tarakimu, msaidizi anaandika. "Tatu sita" maana yake ni gego la kwanza la kudumu, taya la chini, upande wa kushoto wa mgonjwa. Kwa mpango huu unaotumika katika nchi nyingi duniani, kinywa hugawanywa robo nne: tarakimu ya kwanza hutaja robo, ya pili hutaja jino kwa kuhesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Meno ya utotoni nayo huanza na 5 hadi 8. Msaidizi akikosea akaandika 46 badala ya 36, jino zima laweza kung'olewa na bovu likabaki. Gego hilo la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na wazazi wengi hudhani ni la utotoni, wakaliacha lioze wakingoja lingine. Halina lingine. Kumweleza mama jambo hilo kwa lugha anayoielewa ni tiba kamili, na mara nyingi anayepata wasaa wa kulieleza ni msaidizi.

Matibabu yanapoanza, wataalamu huita kazi hii udaktari wa mikono minne. Mtindo huu ulienea Marekani katika miaka ya 1960. Tazama uso wa mgonjwa aliyelala kitini kana kwamba ni saa ya ukutani, utosi ukiwa kwenye 12. Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa kati ya 7 na 12. Msaidizi hukaa kati ya 2 na 4, juu kidogo kuliko daktari, ili aone ndani ya kinywa. Vifaa hupokezanwa kati ya 4 na 7, chini ya kidevu, mbali na macho ya mgonjwa. Msaidizi hodari haombwi kifaa: anajua baada ya kutoboa hufuata nini, na mkono wake mwingine unaendelea kunyonya mate na maji kwa mrija ili daktari aone anachokifanya.

Kazi hii ina historia yake. Mwaka 1885 daktari Edmund Kells wa New Orleans, Marekani, alimwajiri mwanamke, Malvina Cueria, awe msaidizi wake. Anatajwa kuwa wa kwanza katika kazi hii. Wakati huo mwanamke hakwenda kwa daktari wa meno bila mtu wa kumsindikiza, na kuwapo kwa mwanamke kliniki kuliwafungulia wengi mlango. Mwaka 1924 wasaidizi wa huko waliunda chama chao chini ya Juliette Southard, wakidai mafunzo na vyeti. Walijua kwamba kazi isiyo na mafunzo yanayotambuliwa haiheshimiwi wala hailipwi ipasavyo.

Sasa tuingie chumba ambacho mgonjwa hakioni: chumba cha kusafishia vifaa. Koleo lililotoka kinywani mwa mtu lina damu na mate, na damu yaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B, vya aina ya C, na vya Ukimwi. Msaidizi hukisugua kifaa mpaka kisiwe na chembe ya uchafu, hukikausha, hukifunga kwenye mfuko maalumu, kisha hukiweka kwenye otoklevi, mtambo unaoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo. Kwa joto la nyuzi 121 kifaa hukaa dakika 15 au zaidi. Kwa nyuzi 134, dakika 3 au zaidi. Kuanika koleo juani au kulimwagia maji moto hakutoshi. Mkanda wa mfuko hubadilika rangi kuonyesha kuwa joto limefika, lakini mkanda pekee hauthibitishi kuwa kila kijidudu kimekufa, na kwa hiyo mtambo wenyewe hupimwa mara kwa mara.

Msaidizi pia hujilinda. Sindano iliyotumika haifunikwi kwa mikono miwili. Inatupwa moja kwa moja kwenye kisanduku kigumu cha njano. Na anayetaka kuianza kazi hii ahakikishe amechanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B: dozi tatu, kwa kawaida ya pili mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita, baada ya ile ya kwanza. Usisubiri mwajiri akukumbushe.

Tuje kwenye mafunzo. Hapa vijana wengi hupotea kwa kuchanganya majina. Daktari wa meno ana shahada, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiitoa tangu miaka ya 1970. Afisa wa afya ya kinywa ya jamii husomea stashahada ya miaka mitatu katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, na husajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Huyu ana ruhusa ya kutibu ndani ya mipaka aliyowekewa. Fundi wa meno, naye ni wa stashahada, hutengeneza meno ya bandia na vifaa vya kunyoosha meno. Msaidizi hatibu. Humsaidia anayetibu. Mipaka hii ni ya kumlinda mgonjwa, na msaidizi anayeng'oa jino daktari akiwa safarini anavunja sheria na kuhatarisha maisha.

Kwa hiyo jiulize unataka kufika wapi. Ukitaka usaidizi, ziko kozi fupi za cheti, na wengi bado hujifunza kazini chini ya daktari. Ukiwa na wastani wa C katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na umefanya vyema katika Biolojia na lugha, ifikirie stashahada ya KMTC. Maombi ya KMTC siku hizi hupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, na mwanafunzi anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Ipo kampasi ya KMTC Kilifi, lakini mafunzo ya meno kitovu chake ni Nairobi. Mzazi wa Magarini au Ganze ahesabu mapema nauli, malazi na chakula, asishtuliwe na gharama baada ya barua ya kuitwa.

Kwa kozi za vyuo vya binafsi, uliza swali moja kabla ya kulipa hata shilingi: je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na kozi hii yenyewe imeidhinishwa? Usajili wa chuo si idhini ya kila kozi. Uliza pia mafunzo ya vitendo yatafanyika kliniki gani na kwa wiki ngapi. Chuo kisicho na kiti cha meno wala otoklevi kitakufundisha nini? Wazee wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Cheti kisichotambulika ni jino la pembe: kinang'aa kwenye fremu, lakini siku ya kutafuna hakitafuni.

Ukishahitimu, omba kazi kwa akili. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, nafasi za hospitali za umma hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na stakabadhi zikipungua moja ombi huwekwa kando. Kwa kliniki za binafsi, andika barua ya ukurasa mmoja. Usiandike kwamba una bidii, kila mwombaji huandika hivyo. Andika ulichokifanya: ulisaidia kuziba na kung'oa, ulisimamia otoklevi, uliandika rekodi za meno, umechanjwa. Taja lugha zako. Malindi ni mji wa Kiswahili, Kigiriama, Kiingereza na Kiitaliano, na anayeweza kumtuliza mkulima wa Marafa na mgeni wa Watamu ana kitu ambacho cheti hakikitoi. Kwenye mahojiano utaulizwa utafanya nini ukichomwa na sindano. Jibu: ninaosha mara moja kwa sabuni na maji, ninaripoti, na ninaanza dawa za kinga mapema, kabla ya saa 72 kupita. Anayejibu bila kusita huonyesha kuwa amefunzwa.

Na utaulizwa juu ya siri. Mji wetu ni mdogo, na mgonjwa wa leo ni shangazi wa jirani yako. Uliyoyasikia kitini yaishie kitini.

Wiki ijayo tutaeleza afisa wa afya ya kinywa anavyofanya kazi shuleni na vijijini. Kwa leo, ombi langu kwa wazazi ni hili: kabla ya kuuza mbuzi au kiwanja kwa ajili ya karo, fungeni safari mkaione kliniki ambako mtoto atafanyia mazoezi. Kwa wewe kijana, nenda kachanjwe wiki hii, kisha umwombe daktari wa meno aliye karibu nawe ruhusa ya kuitazama kazi yake siku moja. Siku hiyo itakuonyesha kama moyo na mikono yako inaiweza.