Mchezo wa Bure na Uhuru wa Moyo
Kwa nini mtu hushikamana kwa miaka na mchezo wa simu usio na kiingilio? Tuutazame Genshin Impact, uliotolewa mwaka 2020 na kampuni ya miHoYo ya China. Wahusika wengi hupatikana kwa bahati nasibu: kila jaribio lina nafasi ya asilimia 0.6 ya kumpata wa nyota tano, na uhakika huja katika jaribio la 90. Jaribio moja hugharimu vito 160. Kazi za kila siku huleta 60. Kwa kazi hizo pekee, majaribio 90 ni siku 240. Asiyeweza kungoja hulipa fedha.

Kuipenda hadithi yake si dhambi. Hata hivyo, Katekisimu (na. 2413) huonya kwamba shauku ya kamari yaweza kumtia mtu utumwani. Mzazi asifoke, amwulize mwanawe kwa upole: “Ukikosa siku moja, moyo wako hutulia?”